Nani Hulipa Gharama ya Mzaha wa Wanachuo?

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yanapotangazwa, ofisi ndogo ya kamati ya msikiti wetu hupata wageni wengi kuliko kawaida. Wazazi huja na watoto wao kutaka barua za utambulisho, na sisi tuliopewa dhamana ya ukatibu huziandika, tukazigonga muhuri na kuwaombea vijana dua. Mwaka huu alikuja mama mmoja na mwanawe, kijana wa kwanza katika ukoo wao kupata nafasi ya chuo kikuu. Barua ilipokwisha, kijana alitangulia nje kuvaa viatu. Mama akabaki mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini: "Ustadh, nimesikia huko vyuoni wageni hufanyiwa mizaha. Huyu wangu ni mpole. Watamfanya nini?"

Tulimjibu upesi, kama wengi wetu tunavyojibu: "Ni mizaha tu, mama. Hupita." Alishukuru, akaenda zake. Lakini jibu lile halikutuacha tukalala vizuri, kwani tulijua kuwa tumemjibu ili aondoke, hatukumjibu alichouliza. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, pamoja na wazazi wengine wenye swali hilo hilo kifuani.

Ili tufanye insafu, tumeona tusianze kwa kulaani. Ziko mila za mizaha vyuoni zenye akili, adabu na hata manufaa ndani yake. Basi na tuanzie mbali, katika chuo ambacho mizaha ya wanafunzi wake imehifadhiwa na kusimuliwa kwa miongo mingi, kisha turejee nyumbani.

Gari la polisi juu ya kuba

Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kwa kifupisho chake MIT, ipo katika mji wa Cambridge nchini Marekani, ng'ambo ya mto Charles ukitokea jiji la Boston. Ilianzishwa mwaka 1861, na mwaka 1916 ikahamia katika majengo yake ya sasa, ambayo kilele chake ni kuba kubwa lililoinuka takriban mita 45 kutoka ardhini. Ni chuo cha wahandisi, wanahisabati na wanafizikia. Masomo yake ni mazito na wanafunzi wake hukesha. Katika kukesha huko ndiko ilikozaliwa mila ya kufanya, kwa siri na usiku, jambo la kustaajabisha ambalo jua likichomoza kila mtu ataliona na hakuna atakayejua limefanywaje. Wenyewe wana neno lao maalumu kwa kitendo hicho, neno lile lile ambalo baadaye lilizaa jina la wadukuzi wa kompyuta.

Asubuhi ya tarehe 9 Mei 1994 watu wa chuo hicho waliinua macho wakaona gari la polisi wa chuo limeegeshwa juu ya kuba, taa zake zikimulika. Kwa hakika halikuwa gari zima. Wanafunzi walichukua bodi ya nje ya gari kuukuu aina ya Chevrolet, wakaifunga vipande vipande juu ya fremu ya mbao na kuipaka rangi za gari la polisi wa chuo. Mahali pa namba ya gari waliandika alama ya pai, ile ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo anapotafuta eneo la duara. Ndani alikuwamo sanamu aliyevishwa sare ya askari, pembeni yake boksi la donati. Na juu ya kioo cha mbele palibandikwa notisi ya faini: gari hili halina kibali cha kuegesha mahali hapa.

Hebu tuutazame mzaha huo kwa makini. Aliyetaniwa ni nani? Ni polisi wa chuo, wenye mamlaka ya kuwaandikia wanafunzi faini. Aliyeumia ni nani? Hakuna. Aliyehangaika zaidi ni nani? Ni wanafunzi wenyewe, waliopima, wakakata mbao, wakabeba vipande hadi juu gizani na kuviunganisha kabla ya alfajiri. Gari lile lilishushwa, lakini halikutupwa. Hadi miaka ya karibuni lilikuwa likioneshwa ndani ya jengo mojawapo la chuo hicho hicho, mithili ya nyara ya vita isiyomwaga damu.

Kuba hilo limebeba mambo mengi tangu hapo, na si yote yalikuwa ya kuchekesha. Tarehe 17 Desemba 2003, zilipotimia karne moja kamili tangu ndugu wawili wa ukoo wa Wright kurusha ndege yao ya kwanza, palionekana juu yake mfano wa ndege ile. Tarehe 11 Septemba 2006, miaka mitano baada ya mashambulizi ya New York yaliyoua pamoja na wengine askari 343 wa zimamoto wa jiji hilo, palionekana gari la zimamoto. Wanafunzi walitumia njia ya mzaha kutoa heshima kwa marehemu, na watu wakaelewa. Aprili 2012 waligeuza madirisha 153 ya jengo refu la chuo kuwa taa za rangi, likawa uwanja wa mchezo wa kompyuta wa kupanga matofali, na mpita njia akaweza kuucheza akiwa amesimama chini. Kazi hiyo haikuwa ya usiku mmoja. Ilichukua miaka kadhaa ya kujaribu, kukosea na kurudia.

Mzazi anayelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana subira huenda akastaajabu kusikia kwamba wapo vijana waliosubiri miaka ili kuwachekesha watu wasiowajua, bila malipo na bila kutaja majina yao.

Daraja lililopimwa kwa mwili wa mtu

Kisa mashuhuri kuliko vyote katika chuo hicho ni cha mwaka 1958, nacho ndicho kitakachotufikisha penye swali la mama yule, kwa sababu kinamhusu mwanafunzi mgeni.

Katika vyuo vya Marekani viko vyama vya udugu vya wanafunzi, vyenye nyumba zao, kanuni zao na taratibu zao za kupokea wanachama wapya. Mgeni hupewa kazi na wakubwa kabla ya kukubaliwa. Oktoba mwaka huo, wageni wa chama kimoja walipewa amri ya ajabu: wapime daraja la Harvard, linalovuka mto Charles kati ya Boston na chuo chao, na kipimo kiwe mwili wa mmoja wao. Aliyechaguliwa ni Oliver Smoot, kwa kuwa alikuwa mfupi kuliko wenzake. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 7, yaani kama sentimita 170.

Wakaenda usiku. Smoot akawa analala juu ya njia ya waenda kwa miguu, wenzake wanachora alama penye kichwa, anainuka, analala tena. Alipochoka wakawa wanambeba na kumlaza. Walipofika ng'ambo walipata jibu lao: daraja lina urefu wa Smoot 364 na nukta 4, wakaongeza na sikio moja, kukiri kwamba hakuna kipimo kisicho na hitilafu. Kwa hesabu ya kawaida ni kama mita 620.

Alama zile ziliwekwa rangi, na hadi leo wanachama wapya wa chama hicho huzipaka upya zisifutike. Polisi walizizoea, wakawa wanazitumia kutaja mahali ilipotokea ajali darajani. Daraja lilipojengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1980, vipande vya zege vya njia ya waenda kwa miguu vilikatwa kwa urefu wa Smoot mmoja badala ya urefu uliozoeleka. Mwaka 2011 neno hilo likaingizwa katika kamusi kubwa ya Kiingereza cha Kimarekani. Na Smoot mwenyewe? Alikuja kuwa mwenyekiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, kisha rais wa shirika la viwango la kimataifa, ISO. Mtu aliyegeuzwa rula usiku wa baridi alizeekea katika kazi ya kusimamia vipimo vya dunia.

Ni hadithi ya kufurahisha, lakini tusiipite haraka. Smoot alikuwa mgeni. Alipewa amri na wakubwa. Alichaguliwa kwa sababu ya ufupi wake, jambo ambalo lingeweza kuwa fedheha. Kwa nini basi haikuwa fedheha? Tunaona sababu tatu. Wenzake walikuwa pamoja naye darajani, katika baridi ile ile. Alipochoka walimbeba. Na jambo walilolifanya lilibakisha jina lake katika heshima, si katika kejeli. Moja tu ya sababu hizo ingeondoka, pengine leo tusingekuwa na neno katika kamusi; tungekuwa na mtu mmoja asiyependa kupita daraja lile.

Kanuni walizojiwekea

Jambo lililotuvutia zaidi katika mila ya chuo hicho si ujanja wake bali mipaka yake. Wanafunzi hao wana kanuni walizorithishana wenyewe kwa wenyewe. Usiharibu kitu. Usiibe. Paache mahali ulipoingia kama ulivyopakuta, au pazuri zaidi. Usiende peke yako. Usiende ukiwa umelewa. Jua kikomo cha uwezo wako. Na mara nyingi huacha maelezo kwa mafundi wa chuo jinsi ya kukishusha salama kile walichokipandisha, ili mfanyakazi wa watu asiumie kwa furaha ya wengine.

Hatusemi kwamba kila wanachofanya ni chema. Mapaa yale ni marufuku kuyapanda, na anayekamatwa huadhibiwa. Mwanafunzi anayepanda kuba usiku huhatarisha shingo yake, na mama yake hayupo pale kumwambia ashuke. Tena ipo mizaha yao inayoelemea kwenye udanganyifu. Mwaka 2006 kundi la wanafunzi wa MIT lilijifanya kampuni ya kuhamisha mizigo, likaingia katika chuo hasimu kule California, Caltech, na kuondoka na mzinga wa kale wenye uzito wa karibu tani mbili, ambao siku chache baadaye ulionekana mbele ya majengo ya MIT umevishwa pete kubwa ya chuo chao. Wenye mzinga walisafiri kuja kuuchukua, wakaacha mahali pake kimzinga cha kuchezea watoto. Vyuo vyote viwili vilicheka. Lakini sisi hapo tunasita. Hila iliyomdanganya mlinzi wa getini huenda ikawa ni kicheko kwa mwanafunzi na barua ya onyo kwa mlinzi.

Tumeshika basi swali moja la kuupima mzaha wowote: nani analipa gharama yake? Novemba 1982, katika pambano la mpira wa Kimarekani kati ya Harvard na Yale, puto kubwa jeusi lenye herufi za MIT lilichomoza kutoka ardhini katikati ya mchezo, likajaa upepo, likapasuka na kutawanya poda nyeupe. Wanafunzi walikuwa wamekifukia kifaa hicho uwanjani usiku, siku kadhaa kabla. Gharama ya mzaha ule ilikuwa dakika chache za mchezo kusimama na shimo dogo katika nyasi, na waliotaniwa ni vyuo viwili vikubwa vyenye fahari ya kutosha kuvumilia. Mzaha wa namna hiyo huwaelekea wenye nguvu, na wanaoutoa jasho ni wafanyaji wenyewe. Hatari huanza unapoelekezwa kwa asiye na nguvu, na yeye ndiye akawa mlipaji.

Usiku wa mwaka 1997

Chuo hicho hicho cha kuba na daraja kina kisa kingine, nacho hakioneshwi ndani ya jengo lolote. Mwishoni mwa Septemba 1997, majuma machache tu baada ya masomo kuanza, kijana wa miaka 18 wa mwaka wa kwanza alihudhuria usiku maalumu katika nyumba ya chama cha udugu alichokuwa akijiunga nacho. Ulikuwa usiku wa mgeni kukabidhiwa kwa "kaka mkubwa" wake. Pombe ilikuwa sehemu ya utaratibu. Alikunywa hadi akapoteza fahamu, na siku chache baadaye akafariki hospitalini.

Chama kilishitakiwa kwa kusababisha kifo, lakini kilikuwa kimekwisha kujivunja, pasiwe na wa kusimama kizimbani. Mwaka 2000 chuo kilikubali kutoa dola milioni 6, sehemu kwa familia na sehemu kwa mfuko wa kuwasomesha wengine, na mkuu wa chuo akawaomba radhi wazazi. Kuanzia mwaka 2002 wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wakatakiwa kuishi katika mabweni ya chuo, si katika nyumba za vyama.

Msomaji wetu huenda akasema: hayo ni matunda ya ulevi, sisi hayatuhusu. Kwamba pombe ndiyo iliyomuua, hatukatai. Lakini tujiulize kilichomfikisha penye chupa. Ni kijana mgeni, mbali na kwao, anayetaka kukubaliwa. Mbele yake wapo wakubwa wanaosema, "Sote tulipitia." Mlango wa kukataa upo, lakini anayeupitia ataitwa mwoga. Ondoa pombe katika picha hiyo, hali ya mgeni itabaki ile ile. Nchini India na Sri Lanka, ambako mateso ya wageni vyuoni yaliwahi kufikia hadi vifo, serikali na mahakama zililazimika kuingilia; Sri Lanka ilitunga sheria mahususi mwaka 1998, na Mahakama Kuu Kabisa ya India ilitoa amri za kukomesha desturi hiyo. Huko nako mateso mengi yalipita chini ya jina la mzaha.

Smoot wa mwaka 1958 na kijana wa mwaka 1997 walisimama mlango mmoja: wageni wa chama cha udugu, chini ya amri ya wakubwa, katika chuo kimoja. Mmoja alipochoka wenzake walimbeba. Mwingine alipozidiwa, wakubwa wake hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba mzaha umekwisha.

Mzaha katika mafundisho yetu

Uislamu haukuja kufuta kicheko. Tumepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitania, ila hakusema katika utani wake isipokuwa kweli. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Akashangaa atamfanyia nini mtoto, hadi alipokumbushwa kwamba hakuna ngamia aliyekomaa ila alizaliwa na ngamia. Alicheka aliyetania na akacheka aliyetaniwa, na mtu akapata kipando chake. Kwa upande wa pili tumepokea kisa cha safari moja: mwenzao mmoja alilala, mwingine akaondoa kitu chake kwa mchezo, yule akazinduka kwa hofu na watu wakacheka. Mtume aliuliza wanacheka nini, kisha akabainisha kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Hapakuvunjika kitu wala hapakupotea kitu katika kisa kile. Palikuwa na hofu tu ya mtu mmoja aliyezinduka usingizini, na hiyo ikatosha kuwa sababu ya katazo.

Tuliyasoma mafundisho hayo chuoni, tukafanyiwa mtihani na tukafaulu. Ndiyo maana yanayofuata yanatuwia mazito kuyaandika.

Saa nane ya usiku

Tulisoma katika chuo cha dini cha bweni ambacho hatutakitaja. Pombe haikuwahi kukanyaga ua wake. Mwaka wetu wa pili walikuja wageni, na miongoni mwao kijana mmoja aliyetoka kijiji cha mbali, mwepesi wa kutii. Usiku mmoja wakubwa wa bweni walipanga kumchezea shere. Sisi hatukupanga, lakini tulikuwamo, na tulipoulizwa nani ataenda kumwamsha kwa kuwa anatuamini, tulikwenda. Tukamwambia: "Amka, mudiri anakuita."

Aliamka, akatia udhu kwanza, akavaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akavuka ua gizani na kubisha hodi nyumbani kwa mudiri. Bweni zima lilikuwa madirishani. Mudiri alitoka akiwa na hofu kwamba kuna msiba, na alipokuta hakuna, alimkemea vikali. Kijana hakusema nani aliyemtuma. Alirudi, akavua kanzu, akaikunja vizuri, akalala akiwa ameelekea ukutani. Sisi tulikuwa tunacheka hadi machozi.

Tangu siku ile akaitwa Mwalikwa. Alipoingia msalani aliitwa Mwalikwa, alipopanga foleni ya uji aliitwa Mwalikwa. Muhula ulipokwisha alikwenda likizo, hakurudi. Ilisemwa kwamba kwao walikosa ada. Tuliipokea habari hiyo kwa furaha ya siri, kwa kuwa ilituondolea haja ya kujiuliza.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, katika kituo cha mabasi, mtu mmoja alitushika bega na kututolea salamu kamili. Alikuwa yeye. Ana familia, ana duka la vipuri, ana furaha ya kutuona. Tulikunywa chai pamoja. Kabla ya kuagana tulijikaza, tukamwomba radhi kwa usiku ule. Alicheka, akatupunga mkono: "Ustadh, mambo ya utoto hayo. Mimi nilishasahau." Kisha akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa, akasema: "Ila mudiri alipofungua mlango niliona saa yake ya ukutani. Ilikuwa nane na robo."

Tulipanda basi tukiwa na hesabu hiyo kichwani. Mzaha wetu ulituchukua dakika kumi. Yeye ameubeba na saa yake na robo yake kwa zaidi ya miaka kumi, na pengine na elimu aliyoikosa. Hakuna aliyevunja sheria ya chuo usiku ule. Hakuna aliyepigwa. Lakini gharama ililipwa yote na mtu mmoja, tena asiye na kitu cha kulipia.

Jibu kwa mama

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulimsubiri mama yule karibu na lango la akina mama. Tulimwambia kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa na upungufu, na tukamweleza tuliyoyaeleza hapa.

Tulimwambia amfundishe mwanawe kutofautisha. Akialikwa na wenzake katika mchezo ambao wote wanatoa jasho, ambao hauharibu mali, haumdhalilishi mtu na hauna uwongo wa kumdhuru yeyote, asijitenge. Ujana una haki yake, na urafiki mwingi wa chuo huanza kwa kicheko. Lakini akitakiwa kuvua heshima yake ili akubaliwe, aseme hapana, na ajue kuwa nyumbani hapana atakayemwita mwoga. Ampigie simu mama yake usiku wowote. Akiumizwa, aende kwa mlezi wa wanafunzi na asione kuwa kunyamaza ndio uanaume. Tulimwambia pia asikilize likizo ya kwanza: mtoto aliyeondoka na jina lake akarudi na jina la utani ambalo hataki kulieleza, huyo ana jambo.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Tukamwambia kwamba limebaki moja, nalo ndilo zito. Wageni wa mwaka huu ni wakubwa wa mwakani. Waliomwamsha kijana yule saa nane ya usiku walikuwa wameamshwa wao mwaka uliotangulia, na kila mmoja wao alikuwa na mama aliyewahi kuuliza mlangoni, "Watamfanya nini mwanangu?" Mama zetu walituombea tusidhulumiwe. Hatukumbuki kama kuna aliyetuuliza, tulipokuwa tunarudi mwaka wa pili na masanduku yetu, sisi tutawafanya nini wageni.

Alinyamaza kidogo, akafunga vizuri ushungi wake. Kijana wake alikuwa amesimama barabarani chini ya mwarobaini, akicheka na wenzake wawili kwa jambo tusilolisikia.

"Hilo," akasema mama, "nitamwuliza mwenyewe, leo hii, njiani."